Chupa Namba Tano na Mafuta ya Mbono

Vijana wangu, kabla hamjaendelea kusoma, itazameni mikono yenu. Kama mmefanya kazi ya maabara japo mwezi mmoja, mtaona ngozi ya vidole imeanza kupauka kama ya mtu aliyetoka kukoroga chokaa. Hiyo ndiyo barua yenu ya kuajiriwa. Etha, petroli etha, klorofomu, yote hayo kazi yake ni kutafuta mafuta yalipojificha na kuyachukua, wala hayatofautishi mafuta ya simsim na mafuta ya kidole chako. Mimi yamenichukulia zaidi ya miaka thelathini. Nashukuru vidole vyenyewe yameniachia.

Kusoma sikusoma sana. Nilikuwa shule ya misheni kule Rabai, kitabu cha pili, baba na mama walipofariki ndani ya mwaka mmoja. Nikafunga kitabu nikarudi Tezo, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na nyuma yangu walikuwa watatu: Kadzo anayenifuata, na wadogo wawili wasiojua hata kuteka maji. Mama alikuwa ameniachia neno moja tu, kwamba nisiwatawanye. Sikuwatawanya. Tulilima, tukala tulichopata, na Kadzo alipokua akaishika kazi ya mama ya kupika mafuta ya mbono, hizo mbegu ambazo watu wa mjini huziita mbarika. Anazikaanga, anazitwanga, anazichemsha kwa maji, kisha anakaa na upawa wake akikomba mafuta yanayoelea, taratibu, kama anayekomba malai ya maziwa. Nguo za hando za akina mama wa huko kwetu, ngozi za ngoma, vichwa vya watoto wachanga, vyote viling'aa kwa mafuta ya Kadzo.

Miaka ile kabla ya vita vya Wajerumani, palikuwa na shamba kubwa kaskazini ya Kilifi, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu kwa miguu. Walikuwa na minazi, simsim, na mashine ya kukamua. Katika shamba hilo Mzungu mmoja mwembamba alijenga chumba cha mawe ya matumbawe, akakiezeka kwa mabati. Watu walimcheka: mabati katika joto hili! Alisema etha na makuti hazilali nyumba moja. Kwa kuwa kutwa alikuwa ameinamia mizani, wafanyakazi walimwita Bwana Mizani. Mimi niliajiriwa nikiwa mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, nioshe chupa.

Siku ya kwanza niliacha chupa zikielea kwenye beseni kwa sababu ya kitu nilichokiona mezani. Nazi iliyosagwa ilikuwa imefungwa katika karatasi na kutiwa ndani ya bomba la kioo. Chini yake kibuyu cha kioo chenye petroli etha, kimekalishwa katika maji ya moto. Ile etha ilipanda kama pumzi, ikafika juu penye kioo cha baridi, ikawa umande, ikadondoka juu ya nazi. Bomba likajaa, mara likajimimina lenyewe, mafuta yakashuka kibuyuni. Na etha ikapanda tena, safi, imeyaacha mafuta chini. Inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, wala hakuna mkono unaoigusa. Nilihisi kama mtu aliyechungulia mahali ambapo Mungu anafanyia kazi.

"Funga mdomo, mwanangu," sauti ikasema nyuma yangu. "Etha ikiingia utalala hapo hapo, na mimi sina nguvu za kukubeba."

Huyo ndiye Maalim Athmani, mwenyeji wa Malindi, msaidizi mkuu wa chumba kile. Kabla ya kazi hiyo alikuwa akitengeneza manukato ya maharusi. Alijua kulaza asumini katika mafuta ya simsim, akabadilisha maua kila asubuhi, mpaka mafuta yakawa asumini matupu. "Bwana Mizani aniona mimi mwanafunzi wake," aliniambia, "nami namwona yeye amekuja na vioo tu. Mambo haya bibi zetu walikuwa wakiyafanya. Harufu ya ua ina rafiki yake, na rafiki yake ni mafuta. Mafuta nayo yana rafiki yake. Kazi yetu sisi ni ushenga."

Na ushenga ndiyo kazi yenyewe, vijana, msidanganywe na majina marefu. Bwana Mizani alitueleza kwamba kila tone la mafuta ni ndoa: tindikali ya mafuta imeoana na kitu kitamu kiitwacho gliserini. Nta ya nyuki nayo ni ndoa, ila mke mwingine. Sisi hatutaki kuivunja ndoa hiyo. Tunataka kuitoa nyumbani ikiwa nzima na kuipeleka mizanini. Basi unamtafuta wa kuitoa. Ukimchukua etha wa kawaida, ni mkarimu mno, anakuja na mafuta na jamaa wengine wasioalikwa, maji na rangi na utomvu. Ukimchukua petroli etha, yeye mchaguzi, anachukua mafuta na kuacha sukari. Lakini hata yeye, mjaribu kwanza. Mdondoshee tone kwenye karatasi nyeupe, likikauka angalia juani. Likiacha doa, ujue mshenga mwenyewe ana mafuta mfukoni, naye atakudanganya.

Mimi niliyajua hayo kwa aibu. Mara moja petroli etha ilituishia, na Bwana Mizani hayupo, nikaona mafuta ya taa yanafanana nayo, hata harufu ni ya ukoo mmoja. Nikayatumia. Nikachemsha, nikachemsha, hayaondoki. Nilipopima, ile nazi ilikuwa imetoa mafuta mazito kuliko nazi yenyewe. Nikampelekea Maalim hesabu kwa furaha.

"Mashaallah," akasema, akivaa miwani yake. "Nazi hii tuipande uani. Ikizaa, tutaacha kazi."

Hakucheka mpaka nilipotoka nje. Hapo nikamsikia akikohoa kwa kicheko.

Jambo jingine la chumba kile, ambalo nataka mlishike kwa kuwa ndilo lililotufikisha pabaya: jibu halikuandikwa daftarini mpaka wawili waone. Bwana Mizani akisema macho mawili huona kinachotakiwa, macho manne huona kilichopo. Na kabati la maji makali lilikuwa na ufunguo mmoja, shingoni mwa Maalim. Katika rafu ya chini ya kabati hilo kulikuwa na chupa kubwa ya spiriti, ile pombe safi isiyochanganywa, na lakiri yake haijavunjwa tangu ije na meli. Maalim hakuigusa. Alikuwa mtu wa dini, na kwake ile ilikuwa pombe, hata kama imevaa karatasi ya kizungu. Alipofungua kabati aliikwepa kwa macho kama mtu anayepita mlango wa jirani aliyekosana naye. Mimi sikuuliza. Etha ilitutosha.

Basi siku moja ya Alhamisi, Bwana Mizani akiwa Mombasa, mashine ya kukamua ilikwama. Chuma kilisaga chuma, moshi ukatoka, ikanyamaza. Fundi wa mashine aliapa kwamba mafuta ya kulainishia ndiyo mabaya. Msimamizi wa shamba akachota mafuta hayo ghalani, akaleta chupa maabara, imeandikwa namba tano bila jina lolote, kama ilivyo desturi. Akasema, "Pimeni kama yamechanganywa."

Tulifanya kama tulivyofanya siku zote kwa mafuta ya nazi na ya simsim. Kipimo kimoja cha mafuta, vipimo kumi vya petroli etha, tikisa, subiri. Mafuta ya kweli yakitikiswa humo huwa kitu kimoja na etha, huoni mpaka. Haya yalikataa. Yaligeuka kama maji ya mchele, kisha yakajitenga polepole: juu etha, chini tope zito la rangi ya asali. Nikamwita Maalim. Akatazama, akatikisa kichwa. Nikaandika kwa mkono wangu: *Namba tano si safi. Yamechanganywa.* Akatia sahihi yake chini ya yangu.

Msimamizi aliposoma, akasema, "Nilijua. Yule mwanamke wa Tezo, anayepika mbono tunayotia mashineni. Jumatatu atapelekwa Malindi kwa hakimu."

Mwanamke wa Tezo anayepika mbono alikuwa mmoja tu.

Nilimwangalia Maalim, naye akaniangalia. Alijua kuwa Kadzo ni ndugu yangu. Alikuwa amekula samli na asali alizoniletea mara nyingi. Msimamizi alipotoka nilisema, "Maalim, tufute."

"Tufute nini?"

"Daftari."

"Je, ulichokiandika hukukiona?"

"Nilikiona."

"Basi kifute kwanza machoni, ndipo tufute kitabuni."

Jioni hiyo nilikwenda Tezo nikitembea kama mtu aliyebeba gunia. Kadzo alikuwa jikoni, chungu kinachemka. Sikumsalimu vizuri. Nilimuuliza palepale: umetia nini katika mafuta ya shamba?

Aliweka upawa chini. "Mwenehu," akasema, na kwa lugha yetu hilo ni kusema ndugu yangu, "umekuja kuniuliza au umekuja kuniambia?"

Nikamweleza. Mashine, chupa, etha yenye harufu ya mafuta ya taa, tope. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaangua kicheko kisicho na furaha.

"Mmeyatia katika maji ya ukoo wa mafuta ya taa, halafu mnashangaa yamegoma? Mbono na mafuta ya taa hawasemezani! Muulize mwanamke yeyote hapa. Hando ikilowa mbono kupita kiasi, uisugue kwa mafuta ya taa mpaka kesho, utachoka wewe."

"Kumbe hutolewa na nini?"

"Haitoki. Mara moja tu niliona ikitoka. Mjomba alipolewa matangani akanimwagia piwa, ile pombe inayochemshwa, ile ya kwanza inayoshika moto. Pale ilipomwagika palipauka, peupe! Nikalia nguo yangu." Akaokota upawa. "Haya, nenda kaandike na hilo. Au daftari lenu halijui kusikia?"

Nilirudi shambani asubuhi kichwa kikinizunguka. Piwa ile inayoshika moto ni nini, kama si spiriti? Nami nimepita mbele ya chupa ya spiriti miaka mitatu.

Nilimkuta Maalim ameketi, daftari la maelezo la Bwana Mizani limefunguliwa magotini. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamweleza habari ya hando na ya mjomba. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alinigeuzia daftari. Ukurasa huo sikupata kuuona: mafuta ya mbarika, ilisema kwa mkono wa Bwana Mizani, si kama ndugu zake. Petroli etha ikiwa nyingi huyakataa. Yapime kwa spiriti safi.

"Nalifundishwa," Maalim akasema. "Mwaka wa kwanza. Nikaona spiriti, nikaupita ukurasa. Nikasema, mbono nani atatuletea? Wala sikukufundisha wewe. Nimeificha haki ya dada yako nyuma ya uchamungu wangu."

"Nipe ufunguo, Maalim. Nitaishika mimi."

"Na nani ataona pamoja nawe?"

Ilikuwa Ijumaa. Alisimama, akachukua kofia yake. "Nisubiri mpaka baada ya swala," akasema, akaenda.

Vijana, nimesubiri mambo mengi maishani. Lakini saa zile mbili, na lile kabati limefungwa, na Jumatatu inakuja, ndizo ndefu kupita zote. Na niwaambie kweli: katika kusubiri huko, nilikuwa bado namshuku Kadzo. Nilitaka awe msafi, na kwa vile nilitaka sana, sikuiamini nafsi yangu.

Maalim alirudi, uso umetulia. Akavua ufunguo shingoni. "Nimekatazwa kuinywa," akasema. "Na nimekatazwa kuuficha ushahidi. Hilo la kwanza sitalifanya. Hilo la pili nimekwisha kulifanya, na leo nalitubia. Leta chupa zako."

Kisha akanifundisha jambo ambalo nawaomba mlishike hata mkiyasahau yote mengine. Nilinyoosha mkono kuchukua namba tano. Akanizuia. "Anza na unachokijua." Akatuma sanduku la dawa liletwe, na ndani yake kulikuwa na chupa ya mafuta ya mbarika ya kuharishia, ya dukani, haijafunguliwa. Hakuna mtu wa shamba lile asiyeyajua mafuta hayo, na wengi waliyakimbia. Tukayatia katika petroli etha, kipimo kimoja kwa kumi. Yakawa maji ya mchele. Yakajitenga. Tope zito chini, rangi ya asali.

Tulitazamana. Lile nililoliandika kuwa ni dalili ya udanganyifu lilikuwa ndiyo dalili ya usafi. Kama Kadzo angetia simsim au nazi, etha ingeyapokea kwa wepesi zaidi, nasi tungemsifu.

Maalim akavunja lakiri ya spiriti kwa mkono wake mwenyewe. Akashika kibuyu, mimi nikamimina mafuta ya namba tano, kisha spiriti. Akatikisa. Wallahi, vijana, sijui niwaelezeje. Yale mafuta mazito yaliyokuwa yakivutika kama asali yalizunguka mara moja, mara mbili, kama moshi ndani ya kioo, kisha hayakuwapo. Palibaki kitu cheupe angavu, safi kama chozi. Ungeweza kusoma daftari upande wa pili. Maalim alikiinua dirishani, jua likapita ndani yake bila kukwama popote.

"Subhanallah," akasema kwa sauti ndogo. "Kumbe hata hiki kina wema ulioumbiwa."

Tukatia simsim katika spiriti tuone: ikazama chini, ikalala, haikusemezana nayo. Mwisho nikakwangua mafuta ndani ya mashine yenyewe, nikayatia. Yakawa ukungu, na chini pakakaa duara la mafuta yaliyokataa kuyeyuka. Tulipomwita fundi wa mashine na kumwonyesha vioo vinne vimepangwa dirishani, aliviangalia kimoja kimoja. Akasema mafuta ya mbono yalikuwa yamemwishia kwenye debe, ghala limefungwa, akaogopa kusema, akatia simsim ya jikoni. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu, kama Maalim alivyoogopa spiriti, na kama nilivyoogopa daftari langu.

Niliandika upya. Sikufuta maneno ya kwanza, Maalim alikataa. Tulipiga mstari mmoja juu yake, yasomeke, na chini yake tukaandika yaliyo kweli; msimamizi akasoma, na habari ya hakimu ikaishia hapo. Kosa likifutwa kabisa, alisema, litarudi kwa kijana mwingine kama mgeni asiyejulikana. Kisha akaenda kisimani akaosha mikono yake, muda mrefu sana, wala sikumharakisha.

Kadzo alikuja mwenyewe Jumapili, Bwana Mizani akiwa amerudi. Hakuja kushukuru. Alikuja kuona. Alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, nami nikarudia yote. Mafuta yake yalipopotea ndani ya spiriti, alirudi hatua moja.

"Yamekwenda wapi?"

"Yamo humo humo."

"Basi nirudishie."

Bwana Mizani akacheka, akaniashiria niendelee. Nikakikalisha kibuyu juu ya maji ya moto, spiriti ikapanda ikaondoka, na chini yakaanza kurudi yale mafuta, kidogo kidogo, mazito, yenye rangi yake. Kadzo alisubiri yapoe. Akachovya kidole, akanusa, akasugua katikati ya viganja. "Ni yangu," akasema. Kisha bila kuniangalia: "Ulinishuku?"

Nikamjibu. "Ndiyo. Siku mbili."

Akaishika mikono yangu, akaigeuza juu chini. Ilikuwa imepauka, imepasuka vidole, mistari myekundu kila kiungo. "Na haya maji yako ndiyo yanakula watu hivi?" Akayamimina yale mafuta yaliyorudi, yote, katika viganja vyangu, akanipaka, kidole kwa kidole, kwa nguvu, kama mama alivyokuwa akitupaka.

Jumatatu, ambayo ilikuwa iwe siku ya hakimu, niliingia kazini na mikono inang'aa. Nikaichovya katika petroli etha ile ile iliyonitesa miaka mitatu. Ikateleza juu ya mafuta ya mbono, ikakauka, ikaenda zake. Haikuchukua kitu.